Aliyeachwa Leideni

Nguo za Feza zilikataa kukauka.

Kilikuwa kiangazi, na jua la Kasongo lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Kanzu za baba na kaniki za mama zilikuwa zimekakamaa juu ya ua kama ngozi ya mbuzi. Lakini kigauni cha mtoto na kitambaa chake cha kichwa vilining'inia palepale vikichuruzika. Mwanvua alivikamua kwa nguvu, akaviangika upya upande wa jua kali. Aliporudi baada ya sala ya alasiri, udongo wa chini ulikuwa umegeuka tope. Akakivuta kigauni puani. Hakikunuka sabuni, wala hakikunuka mto. Kilinuka kondoo aliyelowa mvua.

"Baba Feza," alimwita mumewe, "njoo unuse hii."

Lukumani alikuja, tasbihi mkononi. Alipoinama juu ya kile kigauni vidole vyake vilisimama katikati ya punje mbili.

"Sabuni mbaya," alisema, akaondoka haraka.

Ulikuwa mwezi wa tatu tangu arudi. Lukumani alijulikana Kasongo nzima kwa jicho lake la pembe za ndovu: aliigonga pembe kwa ukucha, akasikiliza, akakuambia kama ndani ina ufa. Kwa jicho hilo Mholanzi mmoja mnunuzi wa pembe, ambaye watu wa mtoni walimwita Bwana Miwani, alimchukua kutoka maporomoko ya Lualaba mpaka baharini, na kutoka baharini mpaka kwao Ulaya, akamsaidie kuchagua mali. Alikaa huko kipindi kizima cha baridi. Aliporudi, mwaka mmoja na nusu kabla ya vita vya Wabeleji kufika Kasongo, mtaa ulikesha siku tatu ukimsikiliza. Alieleza habari za meli na za magari ya moto. Habari za mji aliokaa hakueleza.

Siku ya pili baada ya nguo kukataa kukauka, ukaanza mlio. Ulikuja adhuhuri, saa ile watu wamejinyoosha mikekani na kuku wamejificha kivulini: ubao ukigonga ubao, mara moja, kimya, kisha mara mbili. Mwanvua alidhani jirani anatwanga mpunga. Alitoka, akasikiliza. Jirani alikuwa amelala. Akarudi ndani, akafuata ukuta kwa kiganja mpaka chumbani kwa Feza, na hapo ukuta ulikuwa unatetema.

Feza, mwana wao wa pekee, miaka saba, alikuwa ameketi kitandani macho wazi. Mwanvua akamshika mkono, akauachia kwa mshituko.

"Baba Feza! Mutoto iko baridi kama samaki!"

Jioni ile Mwanvua aliketi mbele ya mumewe, akamzuilia njia ya kutoka.

"Uliniambia habari za meli. Uliniambia habari za bibi kizee aliyekupa soksi. Ule muji wenyewe, kila nikikuuliza unageuza maneno. Uliona nini kule?"

Lukumani alitazama mlango, akaona hauna pa kupita. Basi akasema.

Mji unaitwa Leideni. Barabara zake ni za maji. Kati ya nyumba na nyumba kuna mfereji, na nyumba ni ndefu, nyembamba, za matofali mekundu, zimebanana bega kwa bega kama watu katika safu ya sala. Mama yake Bwana Miwani, yule bibi wa soksi, alikaa humo. Walipofika, maji ya mifereji yalikuwa yamekuwa magumu kwa baridi, watoto wakiteleza juu yake na kucheka. Lukumani aliyagonga kwa kisigino kama anavyogonga pembe, akasikia maji mengine yakipita chini, hai, yamefungiwa.

Siku moja Bwana Miwani alimpeleka kuona kanisa kubwa la zamani. Sakafu yote ilikuwa makaburi, jiwe kwa jiwe, hata huna pa kuweka mguu isipokuwa juu ya maiti. Karibu na kanisa wakasimama kando ya mfereji, na Bwana Miwani, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akaeleza kwa fahari kama mtu anayeonyesha shamba la babu yake. Miaka mia mbili na themanini nyuma, alisema, Waingereza walikimbilia hapa. Mfalme wao aliwaandama kwa namna yao ya kusali. Wakakaa Leideni zaidi ya miaka kumi, maskini, wengi wakifuma nguo za sufu kutwa kucha. Halafu wakaona watoto wao wanageuka Waholanzi, wakaamua kuvuka bahari. Wakapanda mashua katika mifereji hii, wakaenda kutafuta merikebu, wakawa miongoni mwa watu wa kwanza wa Ulaya kujenga kule Amerika.

"Merikani?" aliuliza Mwanvua. "Merikani si nguo?"

"Ni nchi. Nguo inatoka huko, ikachukua jina."

Watu wa Kasongo walivaa merikani, walioa kwa merikani, walizikwa ndani ya merikani. Mwanvua hakuwahi kufikiri kwamba nyuma ya neno lile kuna watu waliokimbia kwao.

Lukumani alikuwa amemuuliza Bwana Miwani swali ambalo mtu wa misafara huuliza. "Na wasioweza kwenda?"

Merikebu ilikuwa ndogo, alijibiwa. Wazee, wagonjwa, mama wengine na watoto wengine walibaki. Waliambiwa watafuata.

"Wakafuata?"

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta kwa leso. Wengine walifuata, alisema. Na katika wale waliotangulia, nusu walikufa katika baridi ya kwanza.

"Basi," Lukumani alimwambia mkewe. "Habari ya muji ule ndiyo hiyo."

"Yote?"

"Yote."

Haikuwa yote. Kulikuwa na jambo moja la kando ya mfereji, nalo alilimeza kama mtu anavyomeza mfupa, akiomba lishuke salama.

Tangu siku ile Feza akaanza kufunga mzigo. Kila asubuhi Mwanvua alimkuta kizingitini, amekunja kigauni chake, mwiko wa mti na kipande cha mkate wa mchele, amevifunga kwa kitambaa, ameketi miguu pamoja, akitazama jua linakotua.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Ninangoja."

"Unangoja nini?"

"Watatuita. Mama amesema nisitoke hapa, wasije wakatuacha."

"Mama ni mimi, Feza. Mimi sikusema hivyo."

Mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtu ambaye bado hajapewa habari ya msiba. "Si wewe," alisema taratibu. "Yule wa kitambaa cheupe. Anayesimama nyuma ya mulango."

Mwanvua aliuvuta mlango. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Ukuta ulikuwa umelowa kuanzia chini mpaka kimo cha kichwa cha mwanamke, na juu ya udongo mkavu wa sakafu zilikuwepo nyayo mbili za maji, zimeelekea ndani ya nyumba.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, Feza alipotea. Wanawake walimtafuta nyumba kwa nyumba, mashambani, visimani, mpaka jirani yao Aziza akapiga kelele kutoka kijitoni chini ya mashamba ya mpunga. Feza alikuwa amesimama ndani ya maji yamemfika kifuani, mzigo wake kichwani, mkono mmoja ameunyoosha juu na mbele, kama mtoto anavyoshikwa mkono na mtu mzima akivushwa. Mwanvua alijitupa majini, akamkamata kiunoni, akamvuta, mtoto hakuja. Akavuta tena, na ndipo alipotambua, jua likiwa juu ya utosi wake na wenzake wakimtazama kutoka ukingoni, kwamba upande wa pili wa mkono ule kuna mtu naye anavuta, mtu mwenye nguvu za mama, asiye na nia ya kuachia.

Ilihitaji wanawake watano kumtoa.

Mwalimu Faradji aliitwa siku ileile. Alikuwa mzee mpole aliyekuja kutoka pwani na msafara wa kwanza, na alikuwa amewatibu wengi pale Kasongo. Akaandika aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akamimina maji kuyeyusha maandiko apate kumnywesha mtoto kombe. Akainua sahani, akaiinamisha kinywani mwa Feza. Hakikumwagika kitu.

Mwalimu akaigeuza sahani. Kipande cha maji kikaanguka mkekani, duara, kigumu, maandiko yakionekana ndani yake kama mdudu ndani ya kioo.

"Hii ni nini?" alinong'ona Mwalimu Faradji. "Bwana Lukumani, maji gani haya yanayoanguka yasimwagike?"

Katika chumba kile hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile, ila mtu mmoja. Lukumani alikiokota. Kilimchoma kiganja kwa baridi. Alikijua kama unavyoijua sauti ya mtu unayemkimbia.

"Ni maji ya Leideni," alisema, na meno yake yakagongana.

Mwalimu alifunga kitabu chake. "Mimi nina dawa ya jini anayejua yuko wapi. Huyu hajui. Huyu yuko kwao bado. Mpeleke Kabambare, kwa mama mmoja anayeitwa Subira. Yule hawatishi, anasema nao. Na fanya haraka, bwana, kwa maana mtoto huyu ameshafunga safari."

Njia ya Kabambare ni siku nane kwa mtu mwenye mgonjwa. Walimlaza Feza katika machela, wapagazi wanne wakipokezana, Lukumani mbele, Mwanvua pembeni akimshika mwanawe kidole. Siku ya kwanza walitembea vizuri. Siku ya pili wapagazi walianza kuhema. Siku ya tatu, mchana, wa mbele alisimama akakataa kuendelea.

"Bwana," alisema, jasho likimtoka, "mutoto mumoja hana uzito huu."

Wakaishusha machela. Feza alikuwa amejibana pembeni kabisa, usingizini, kucha zake zimekuwa zambarau. Kando yake nguo ya machela ilikuwa imebonyea, bonde refu la mtu mzima aliyelala ubavu, limelowa, na walipokuwa wanalitazama wote sita, hakuna anayepumua, lile bonde likajigeuza upande wa pili.

Wapagazi wawili waliingia porini, hawakuonekana tena. Wawili waliobaki walikubali kubeba vyombo tu. Basi Lukumani akamfunga mwanawe mgongoni kwa shuka, kama wanawake wanavyobeba, akaenda naye, siku ya nne, siku ya tano, siku ya sita wakivuka mto Luama, katika majani marefu yaliyochomwa na kiangazi, jua likimpiga kifuani na mgongo wake ukifa ganzi kwa baridi, na katika sikio lake la kushoto pumzi ya Feza ikizidi kuwa ndogo, na katika sikio lake la kulia pumzi nyingine, ya mtu mzima, yenye harufu ya sufu mbichi na ya ule udongo mweusi wanaouchoma Waholanzi mahali pa kuni, ikimuuliza jambo lilelile kwa lugha asiyoijua, ikimuuliza kwa adabu, bila kuchoka, kama mtu anayeuliza njia, mpaka akaanza kutembea mbio, kisha kukimbia, na alipokimbia pumzi ile ilifurahi.

Nyumba ya Mama Subira ilikuwa mwisho wa Kabambare, chini ya michikichi. Hakuwa kikongwe. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Mubangubangu, mwenyeji wa nchi ile, mwenye mikono minene ya kazi, na walipofika alikuwa anabanika samaki.

"Muingie," alisema bila kugeuka. "Ninageuza samaki, ninakuja."

Alipokuja, akamlaza Feza mkekani, akamtazama. Akatazama pia mahali patupu kando ya Feza, akapaitikia kwa kichwa kama mtu anayemwona mgeni wa pili.

"Huyu mama alifuata nani?" aliuliza.

Mwanvua alimtazama mumewe. Lukumani alitazama chini. Mfupa aliokuwa ameumeza ukaanza kupanda.

"Alinifuata mimi," alisema. "Bwana Miwani alikwenda mbele kidogo. Nikaona mwanamke ameketi kwenye ngazi ya mufereji, nguo nyeusi, kitambaa cheupe kichwani. Ana muzigo. Nilidhani ni mutu wa pale. Akaniambia maneno, sikuyasikia. Akaninyoshea ule muzigo. Mama, mimi nimekulia njiani. Mutu akikunyoshea muzigo, mukono unapokea wenyewe. Nikapokea. Nikamwambia, haya mama, twende. Nilipogeuka, mukononi mulikuwa maji matupu."

"Na muke wako hukumwambia."

"Niliona haya. Niliogopa."

"Wewe ni mutu wa misafara, unajua sheria," alisema Mama Subira. "Ukishika muzigo wa mutu, umeshika safari yake." Akapangusa mikono. "Nitasema naye. Lakini mbele ya kutibu, kila mungwana wa misafara anayeleta mugonjwa hapa ninamuuliza neno moja. Sitaki nguo, sitaki shanga. Ninataka jibu."

"Uliza, mama."

"Mwaka wa ndui, musafara ulipita kijijini kwetu, chini ya Luama. Ulichukua watu thelathini na mumoja. Mutoto wangu alikuwa ndani. Kabula. Miaka saba. Alikuwa na kovu la moto hapa begani, mufano wa jani la muhogo. Wewe ulimuona?"

Nje samaki walikuwa wakidondosha mafuta motoni. Lukumani alikuwa amekaa miaka kumi na tano bila kukumbuka siku ile, na sasa ilimjia nzima, na joto lake, na inzi wake. Akamtazama mwanamke mwenye mikono minene. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa mikononi mwa mwanamke huyo. Ni nani angesema?

"Sikumuona, mama," alijibu. "Sijui."

Feza akafumbua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Feza, maneno yalikuwa Kiswahili cha Feza, lakini pumzi ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Na mimi waliniambia hivyo," ilisema. "Niliwauliza watu wa merikebu. Nilikuwa na homa, baba wa mutoto wangu akamchukua, akasema utafuata. Nikauliza lini. Wakasema, hatujui. Kila mwaka nilishuka majini kuuliza. Hatujui. Hatujui."

Moto wa samaki ukazimika wenyewe. Ukungu mweupe ukapanda kutoka mdomoni mwa kila mtu mle ndani, mchana wa kiangazi, na kifua cha Feza kikashuka, kikakawia kupanda.

"Baba Feza," alisema Mwanvua. Alikuwa amekaa naye miaka kumi, na alikuwa anaujua uso wake. "Sema."

"Sina la kusema."

"Mutoto anakufa! Sema, Lukumani!"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Lukumani akapiga magoti juu ya mkeka wa yule mwanamke.

"Nilikuwa nyapara wa ule musafara," alisema. "Nilikuwa kijana. Tulipofika kivuko cha Luama yule mutoto wa kovu alikuwa na homa, hawezi kusimama. Mukubwa wangu akasema tusipoteze siku. Nilimfungua kamba mwenyewe, kwa mukono huu. Nikamulaza kando ya maji, kivulini. Akaniuliza kama mama yake anakuja nyuma. Nikamwambia ndiyo, anakuja, mungoje. Tukavuka. Nilitazama nyuma mara moja. Alikuwa ameketi, anatazama njia. Mara ya pili niliangalia nikiwa juu ya mulima. Alikuwa amelala, na ndege walikuwa wameshuka."

Mama Subira alisimama, akatoka nje. Walisikia hatua zake zikienda mbali. Mwanvua alimkumbatia Feza, akahesabu pumzi zake, na kati ya pumzi na pumzi aliweza kusoma Fatiha nzima. Lukumani hakuthubutu kuinua kichwa. Alisikiliza kama panga linatolewa.

Mama Subira alirudi na uso uliolowa, ameuosha. Akaketi. Sauti yake ilikuwa nzito, bila kitetemeko.

"Miaka kumi na tano. Kumbe ni mwendo wa siku mbili tu kutoka nyumbani kwangu." Akamgeukia Feza, au yule aliyekuwa nyuma ya Feza. "Sasa wewe, mama wa Ulaya. Toka mugongoni mwa mutoto wa watu, unisikilize. Hakuna mutu amekuambia, mimi nitakuambia. Merikebu iliondoka. Haitarudi. Mutoto wako, kama alifika au hakufika, mimi sijui, lakini amekufa. Miaka ni mingi, hata wajukuu wake wamekufa. Huyu si wako. Huyu ana mama yake, ni huyu hapa analia."

Kwanza ulikuja ule mlio, ubao ukigonga ubao, ukutani, kisha darini, kisha chini ya mkeka, ukiongeza mbio, kama mfumaji aliyeambiwa akimaliza nguo leo ataitwa, mbio, mbio zaidi, hata vyungu vikacheza na vumbi likamwagika kutoka makutini, na juu yake ikapanda sauti ya mwanamke, si kutoka kinywani mwa Feza sasa bali kutoka kila upande, sauti ya kilio kilichozuiliwa miaka mia mbili na sabini kwa sababu anayengoja halii, anayengoja anakaa tayari na mzigo wake. Ikalia hata wapagazi wawili nje wakalala kifudifudi, na Mwanvua akajikuta, mikono yake imemkaza mwanawe, naye analia pamoja na yule aliyetaka kumnyang'anya.

Kisha kitu kikakatika kama uzi.

Maji yakaanza kutoka katika nguo za Feza. Yalitambaa juu ya sakafu, yakafika katikati ya chumba, yakasimama, hayajui pa kwenda.

"Njoo huku," Mama Subira aliyaambia, akajisogeza kidogo, akaacha nafasi kando yake mkekani. "Mimi pia nilikuwa ninangoja. Keti. Tutazoea pamoja."

Maji yakaenda kwake. Yalipogusa vidole vya miguu yake alifumba macho na kukaza meno, na kucha zake, moja baada ya moja, zikaingia rangi ya zambarau.

"Mama," alisema Feza, sauti yake mwenyewe, kavu. "Ninasikia njaa."

Mwanvua alimshika mashavu. Yalikuwa ya moto. Alitaka kumbusu yule mwanamke mikono, lakini Mama Subira alimzuia kwa kiganja.

"Mupe samaki. Halafu muende leo hii." Akamtazama Lukumani kwa mara ya kwanza tangu atoke nje. "Sikumuponya kwa ajili yako. Nilimuponya kwa sababu yeye iko miaka saba. Na wewe, mungwana, angalia njia. Miaka yote hii wanaongoja walikuwa hawana wa kumuuliza. Leo mumoja amejibu, na wamesikia."

Lukumani alikwenda kufunga vyombo.

Walifika kivuko cha Luama siku ya pili, saa sita za mchana. Feza alikuwa anatembea mwenyewe, akirusha mawe, akiimba. Mwanvua na wapagazi wawili walitangulia kujaribu kina cha maji. Lukumani alibaki kufunga viatu shingoni.

Alipoinua uso, mwanamke alikuwa amesimama mbele yake. Hakuwa Mzungu. Alikuwa mtu wa nchi ileile, amevaa kitambaa cha majani ya mti, mikono mitupu. Kivuli chake hakikuwepo.

"Mungwana," alisema kwa adabu, "mutoto wangu alipita hapa na watu wako. Kijana mwanaume, hana jino la mbele. Ulimuona?"

Lukumani alirudi hatua moja. Nyuma ya mwanamke yule alikuwepo mwingine, ana mimba. Nyuma ya huyo, wawili. Akatazama njia waliyoijia, na njia yote, kutoka ukingoni mpaka kule inapopotea katika majani ya manjano, ilikuwa imejaa wanawake, wamesimama mmoja nyuma ya mwenziwe, katika jua kali, bila neno, bila kusukumana, kama watu waliozoea zamu.

"Baba Feza!" Mwanvua aliita kutoka majini. Hakuwa anaona kitu. "Maji ni kidogo, twende!"

"Tangulieni!" alijibu. "Nitawafuata!"

Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Mwanvua alisimama katikati ya mto, akamtazama muda mrefu, kisha akampandisha mwanawe mgongoni na kuendelea. Feza aligeuka, akampungia baba yake, akamwita mara mbili.

Lukumani alikaa chini juu ya mchanga. Mtoto wa yule wa kwanza alimkumbuka. Alikuwa ameuzwa Ujiji, akiwa hai. Akamwambia, na mwanamke akashukuru, akaondoka. Wa yule wa pili hakumkumbuka, akasema hivyo, na mama huyo hakuondoka. Alikaa kando yake, karibu, bega kwa bega, akangoja akumbuke.

Ng'ambo ya pili Feza alikuwa bado anaita. Lukumani alitaka kuinua mkono, lakini wa tatu alikuwa ameshainama sikioni mwake, ameanza kutaja majina, na watoto wake walikuwa wanne.